Maua ya Marehemu kwenye Dirisha la Fundi Saa

"Umekata ua la dada yangu!"

Nilikuwa nimepiga magoti jikoni kwa Fundi Saa, kisu butu mkononi, udongo hadi kwenye viwiko. Aliyepiga kelele mlangoni ni shemeji yake, dada wa marehemu mkewe. Miaka mitatu tangu mazishi, vyungu kumi na kimoja vya maua ya urujuani vilikuwa vimekaa kwenye dirisha lile bila mtu kuvigusa, zaidi ya kuvimwagilia maji. Mimi nauza vyungu na udongo wa maua, wateja wananiita Mama Vyungu. Fundi Saa alikuja dukani siku moja amekumbatia chungu kimoja, anaomba msaada. Tukaanza na chungu, tukafika kwenye chai, chai ikatufikisha kwenye mapenzi. Sina cha kuficha, nilimpenda.

"Shikamoo dada," nikasema. "Ua linakatwa ili nguvu irudi kwenye mizizi. Ona shingo ya mmea ilivyorefuka, imebaki uchi. Naikwangua kidogo, naizika mpaka kwenye majani, inaota mizizi upya."

"Nani kakuuliza? Hilo ndilo ua pekee lililochanua tangu afe!"

"Shemeji, mimi ndiye niliyemruhusu," Fundi akasema taratibu.

"Wewe utaacha kuruhusu nini? Umeshapata wa kukubembeleza, dada yangu wa nini tena?"

Nikaona bora niondoke. Nyuma yangu nikamsikia shemeji akikusanya vyungu vitatu ambavyo sikuwa nimevifikia. Sijafika hata dukani, ujumbe ukaingia kutoka namba ya Fundi:

"Usije tena kwangu. Nilikosea kukuachia vitu vya mke wangu. Tuachane kwa amani."

Nilikaa juu ya ndoo nikalia kama mjinga. Halafu hasira zikanipanda, nikamfungia namba. Alipita dukani mara mbili. Nikajificha nyuma ya magunia ya udongo, nikamnong'oneza jirani, "Mwambie sipo." Mtu mzima wa miaka arobaini na minne, nimechuchumaa! Jeuri ile ilinila miezi miwili.

Siku moja asubuhi, shemeji yake Fundi huyo mlangoni pa duka, na mfuko mkononi.

"Karibu," nikasema, kwa mdomo tu.

"Viwili vimekufa. Nilivimwagilia asubuhi na jioni. Sikukata hata kikonyo kimoja."

Nikakitoa cha tatu kwenye chungu. Mizizi myeusi, inanuka, inakatikia vidoleni. Alipoiona akaketi sakafuni na gauni lake safi.

"Nimemuua dada yangu mara ya pili."

Jamani, chuki yote ikaniisha.

"Hajafa mtu hapa. Lete mkono. Hili jani la katikati bado gumu, na jani moja linatosha kuotesha mmea mpya."

Nikamwelekeza akate kikonyo mshazari, akichomeke kwenye udongo mwepesi, afunike na mfuko unaopitisha mwanga.

"Mmea utakaoota utakuwa uleule?"

"Uleule. Na rangi ileile."

Akasema bila kunitazama:

"Ule ujumbe niliuandika mimi. Niliomba simu yake niite teksi. Nikakuandikia, nikaufuta. Yeye mpaka leo anadhani umemchoka."

"Mungu wangu! Miezi miwili, dada! Miezi miwili nalala na machozi!"

"Nitukane, nastahili. Niliogopa. Ukiingia wewe kwenye ile nyumba, nani atamkumbuka dada yangu?"

"Si ungeniuliza? Unadhani tulikuwa tunaongea nini tukibadilisha udongo? Ni yeye tu! Najua alikuwa akicheka mpaka anakohoa. Najua alikuwa anaimba vibaya na hajali. Nilishampenda hata kabla hujaja kunifokea."

Akalia kwa sauti. Nami nikalia, tukawa wajinga wawili sakafuni. Nilipopata pumzi nikaifungua ile namba, nikapiga.

"Haloo?"

"Ni mimi."

Akauliza swali lililonichoma:

"Nilikukosea nini?"

"Hukunikosea kitu. Njoo dukani. Shemeji yako yuko hapa, ana neno."

Alifika na lenzi yake ya kutazamia saa bado iko kwenye paji la uso. Shemeji akakiri yote amesimama, hakujitetea. Fundi akaivua lenzi.

"Shemeji, umenitesa. Nitakusamehe, lakini si leo."

Kisha akanigeukia. "Na wewe. Nyuma ya magunia miguu ilikuwa inaonekana."

"Weee! Mbona hukusema?"

"Nilijua hutaki kuniona. Ningekulazimisha?"

"Siku nyingine nilazimishe! Nakupenda, hunielewi?"

"Nakuelewa. Basi tuoane."

"Tuoane," nikajibu palepale, nisije nikapata muda wa kuwa jeuri tena.

Ilimchukua Fundi wiki sita kuongea na shemeji yake bila kukunja uso. Shemeji hakususa. Alikuja kila Jumamosi nyumbani kwa Fundi, akachambua majani yaliyokauka, akajibiwa kwa mkato, akarudi tena. Jumamosi ya saba Fundi akamwekea kiti.

Tulifunga ndoa kwenye ofisi ya msajili, watu wachache tu. Mimi wazazi wangu walishatangulia, ndugu sina. Karani akainua kalamu, akauliza:

"Nani anasimama upande wa bibi harusi?"

Nilikuwa nageuka kumwita jirani yangu wa dukani, lakini kuna mtu alishanyanyuka.

"Mimi," akasema shemeji.

"Una uhusiano gani naye?"

"Ni mdogo wangu," akajibu. "Nilikuwa na mmoja, sasa ninao wawili. Andika."

Karani akaandika. Fundi Saa alikuwa analia mbele za watu, wala hakujifuta. Nikamshika dada yangu mkono, tukainama kutia sahihi.