Saa Nne za Kwenda Dubai

Kila asubuhi Shamsia huamshwa na mlio wa utepe wa gundi ukivutwa. Chini ya nyumba yao, mtaa wa Xiaobei jijini Guangzhou, Uchina, vijana wa mizigo hufunga makasha ya nguo yanayopelekwa Dar es Salaam. Baba yake, Sufian, ndiye wakala wa mizigo hiyo. Jumamosi hiyo, hata hivyo, lililokuwa likifungwa ni sanduku la Bibi Mwanahija. Alikuwa akiondoka Guangzhou kwenda Dubai kwa mwanawe mwingine, Tahir.

"Msomi wangu," Bibi alimwita Shamsia, "nitakaa angani saa ngapi? Dawa yangu ya sukari nainywa na chakula cha saa kumi na mbili jioni. Daktari hataki niicheleweshe."

Shamsia aliitupia tiketi jicho. Kuondoka saa nane mchana, kutua saa kumi na mbili jioni.

"Saa nne tu, Bibi! Dawa utainywa kwa Ami Tahir. Itie sandukuni, mkoba uwe mwepesi."

"Nne?" Dullah, mdogo wake, aliguna. "Dubai yote ile? Hebu muulize Baba."

"Wewe unayefeli hesabu unifundishe mimi?"

Dullah akanywea. Bibi akaichomeka dawa ndani ya kiatu, katikati ya sanduku.

Uwanja wa ndege wa Baiyun ulijaa watu. Walipofika mbele ya foleni, saa sita mchana, simu ya Baba ililia.

"Mama hajambo?" Ami Tahir aliuliza kwa sauti iliyosikika na wote. "Mimi ndiyo kwanza nakunywa chai ya asubuhi. Huku saa mbili."

Shamsia alishtuka. Kule saa mbili, huku saa sita! Basi saa ya kutua iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya Dubai. Huku itakuwa saa nne usiku. Safari itachukua saa nane, si nne, na Bibi atapitisha wakati wa dawa akiwa angani.

Sanduku lilikuwa tayari kwenye mizani. Akisema, Dullah atamcheka mwaka mzima. Akamtazama Bibi, aliyekuwa akijipepea kwa pasipoti bila wasiwasi.

"Baba, sanduku lisiende! Nimekosea hesabu. Dawa ya Bibi imo ndani."

"Deng yixia!" Baba alimwambia karani, yaani subiri kidogo.

Sanduku likafunguliwa sakafuni, mbele ya foleni nzima.

"Funikeni gagulo langu, jamani!" Bibi alilalama huku akicheka. "Guangzhou nzima inaliona!"

Dullah akakivuta kiatu. "Dawa hii hapa, Profesa."

"Ahsante. Wewe ndiye uliyesema kweli," Shamsia alijibu, uso ukimwiva.

Baba akachuchumaa karibu yake. "Hapa na Dubai ni karibu kilomita elfu sita. Gawanya kwa nne, uone kama kuna ndege ya abiria inayokimbia hivyo. Kutoa unajua, mwanangu, ila hukujiuliza kama jibu linawezekana, na aliyekuuliza ukamdharau kwa kuwa ni mdogo. Hilo usilirudie. Lakini umekiri mbele ya watu, na Bibi yako atakunywa dawa kwa wakati. Kukosea tunakosea sote. Ukigundua, sema hapo hapo, kabla sanduku halijaondoka."

Bibi akaitia dawa mkobani. "Haya, wasomi wangu, huko juu nitajuaje saa ya kula?"

Shamsia alifikiri, kisha akamnong'oneza Dullah. Dullah akahesabu kwa vidole, akatikisa kichwa kukubali.

"Saa yako ya mkononi usiigeuze mpaka utue," Shamsia alisema. "Ikifika kumi na mbili, kula."