Shibiri ya Mkuu wa Kituo

Fundi na mumewe walishonea katika chumba kimoja, cherehani mbili zikitazamana. Fundi hakutumia futi. Alipima kwa shibiri, kiganja kilichotanuliwa, na hakukosea. Siku moja alimtajia mumewe vipimo vya suruali, mume akakata kwa shibiri zake mwenyewe. Ana viganja kama sepetu! Suruali ikatoka gunia, wakacheka hadi machozi.

Wananchi walipoulizwa kama haki zao ziandikwe katika katiba, mume alipinga.

"Za nini? Mkuu wetu wa kituo cha polisi ni muungwana. Hamwonei mtu."

Zikaandikwa hata hivyo. Kisha muungwana yule akahamishwa, akaondoka na uungwana wake.

Mkuu mpya alikuwa mkali kama pilipili. Askari wake walipovunja kibanda cha mchuuzi sokoni, mume aliwauliza sababu. Akatiwa ndani. Fundi alibembeleza kituoni hadi sauti ikamkauka, wala hakuambiwa kosa. Aliogopa hatamwona tena.

Jirani yao, karani wa mahakama, alimkuta ameinamia cherehani, analia.

"Dada, kituoni ulikwenda na nini?"

"Na machozi yangu."

"Machozi kila mkuu huyapima kwa shibiri yake. Futi ni hii." Akamfungulia katiba. "Haibadiliki kwa mkono wa mtu. Soma."

Fundi alikuwa amejifunza kusoma ukubwani. Alifuata maneno kwa kidole: aliyekamatwa aelezwe sababu mara moja, afikishwe mahakamani bila kuchelewa.

"Haya si ya wakubwa?"

"Imeandikwa 'kila mtu'. Kwani wewe si mtu?"

"Na mkuu akikataa?"

"Tutakwenda kwa hakimu. Hata mkuu yuko chini ya maneno haya."

Walikwenda kituoni pamoja. Fundi alisoma kwa sauti. Mkuu alikunja uso.

"Kosa la mumewe ni lipi?" karani akauliza.

Mkuu alifunua daftari la mahabusu; penye kosa palikuwa patupu. Akaagiza mlango ufunguliwe.

Fundi alipigwa na butwaa. Maneno machache tu, na mwenye funguo ameyatii! Alikikumbatia kile kitabu kifuani.

Njiani mume aliuliza, "Umemlilia sana?"

"Sikumlilia. Nimemsomea."

Mume akasimama. Maneno aliyoyapinga ndiyo yaliyomtoa.

"Nionyeshe," akasema kwa sauti ndogo.

Fundi akamfungulia ukurasa. Kidole kinene cha mume kikapita polepole juu ya mstari uleule uliopitiwa na kidole chembamba cha mkewe.