Mpini wa Bundi

Makandi alikuwa na mikono laini, na msimlaumu, kazi yake ilikuwa kuchora. Alipanga chumba Nchiru, karibu na chuo, akichora kwa makaa wavunja mawe, wabeba mizigo na wavuna viazi. Mikono ya watu wenye shida ndiyo iliyompa jina. Yeye mwenyewe jembe alilijua kwa kulitazama.

Siku moja, jua zuri tu, alikwenda kwao Kibirichia akakuta mzee Bundi ameshazikwa. Huyu alikuwa kibarua wa babake, Mugambi, tangu Makandi hajazaliwa. Alianguka kwenye matuta ya viazi, jembe mkononi. Nkirote, mkewe, aliuchomoa mpini akaulaza juu ya kaburi. Huko ndivyo wanavyomuaga mtu wa jembe: mpini ukiisha kuoza, kazi yake imekwisha.

Makandi akauona ule mpini, mweusi, unang'aa kwa jasho la miaka. Atamchora Bundi kwa makaa ya mpini wake mwenyewe! Mawazo gani hayo, jamani? Akaubeba mpaka Nchiru.

Aliukata vipande, akavifungia ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia, akauweka motoni mpaka moshi ukaacha kutoka kwenye tundu la kifuniko. Alipofungua, makaa hayakuwa makavu. Yaliteleza vidoleni na kunuka kwapa. Kwapa la mtu, si mchezo. Alikunja uso, akaanza kuchora.

Alimchora Bundi ameinama, jembe mkononi. Mgongo ulitoka vizuri kupita kiasi. Alipopaka kivuli, karatasi ikaloa. Akaifuta kwa kidole, kikaja na jasho la njano, limeshika unywele mweupe. Alitapika kwenye karai. Akanawa, akarudi kwenye picha, maana ilikuwa nzuri na hakuweza kuiacha.

Kesho yake asubuhi Nkirote akabisha mlango. Hakuketi. Alinong'ona.

"Makandi, ile mpini iko wapi?"

"Nimemchora mzee, mama. Nimempa heshima."

"Heshima gani? Babako alimtumia mpaka akaanguka. Sasa na wewe umemrudisha shamba?"

"Nimalizie tu mkono wa kulia, halafu nitarudisha kila kitu."

"Usimalize huo. Huo ndio unashika jembe. Nipe hiyo picha niende nayo."

"Dakika kidogo tu, mama. Ningoje hapo nje."

Akamtoa, akamrudishia mlango, mama wa watu.

Akachora vidole. Akachora sugu. Kiganja chake mwenyewe kikaanza kuwasha. Yakatoka malengelenge. Yakapasuka. Usaha ukachuruzika hadi kiwikoni, ukinuka viazi vilivyooza. Alichora tu. Ukucha wa mwisho. Hapo vidole vyake vikajikunja, kimoja kimoja, vikashika kitu kisichoonekana. Akavivuta. Vikakataa.

"Mama! Mkono wangu! Nisaidie!"

Nkirote alisukuma mlango akaingia. Hakuutazama mkono. Alitazama picha. Bundi alikuwa amesimama wima, mgongo umenyooka, mikono mitupu. Jembe halikuwemo.

Nkirote alilifuta jasho la karatasi kwa kitambaa chake cha kichwa, taratibu, kama anavyopanguswa mtoto mwenye homa. "Umetoka, mzee wangu," akasema. Akaikunja picha, akazoa na makaa yaliyobaki, akaenda kuvizika. Kwa Makandi hakugeuka.

Makandi hachori tena. Hospitali walijaribu kuufungua mkono wakashindwa. Ndani ya ngumi pana nafasi, upana wa mpini hasa, na hakuna sabuni inayoondoa ile harufu. Amerudi kwao Kibirichia, analala chumba cha nyuma. Dadake humnawisha kila asubuhi huku ameziba pua, na kila asubuhi hukuta kucha zimejaa udongo mbichi, ingawa mlango hufungwa kwa nje.

Mugambi hajatafuta kibarua mwingine. Matuta yake ya viazi huamka yamelimwa.