Pedali ya Tatu

"Giaboksi hiyo ni ya baba yangu. Usiiguse!"

"Baba yako yuko udongoni, Profesa. Wafu hawabadilishi gia."

Binti alikuwa ameikumbatia giaboksi kuukuu juu ya meza ya kazi, grisi imempanda hadi viwikoni. Baba Mdogo akacheka, akambandua kidole kimoja kimoja. Alimwita Profesa tangu siku alipomwachisha shule, akiwa kidato cha pili, aje kumshikia spana. "Daftari halifungui nati," alimwambia, na utani huo hajauchoka hadi leo.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Jua limejaa uani, redio ya fundi welda wa jirani inaimba. Katikati ya gereji lilisimama gari la marehemu: la kijani, la zamani kuliko mtu yeyote aliyekuwa pale. Marehemu alilipenda mno, mpaka mkewe akawa analiita mke mwenzangu. Lilitoka kiwandani na giaboksi ya manyuali, ya kubadilisha gia kwa mkono na klachi, lakini wiki moja tu baada ya mazishi Baba Mdogo aliing'oa, akafunga ya otomatiki. Magoti yanamuuma, alisema. Ajabu ni kwamba magari ya wateja aliyakanyaga klachi kutwa nzima na magoti hayakulia. Ni kwenye gari hili tu ndipo hakutaka kuiona pedali ya tatu, ile ya klachi.

Sasa amepatikana mnunuzi, mpenda magari ya kale, mwenye sharti moja: gari lirudi kama lilivyozaliwa.

Binti alijua kwa nini pedali ile ilimtisha Baba Mdogo. Miaka mitano iliyopita, akiwa na miaka kumi na miwili, alikuwa dirishani mwa stoo. Baba yake alikuwa chini ya gari hili, magurudumu ya mbele yameinuliwa juu ya stendi za chuma, injini inaunguruma, gia imeingia. Juu kwenye kiti alikaa Baba Mdogo, mguu kwenye klachi.

"Shikilia, mdogo wangu," baba akasema. "Usiachie."

Baba Mdogo akatazama mlangoni. Akatazama uani. Kisha akainua mguu polepole, kama mtu anayeshuka ngazi.

Gari likaruka.

Jioni ile Baba Mdogo alisimama kwenye mlango wa nyumba yao, macho chini, akamwambia mama: "Shemeji, mguu uliteleza tu." Mtoto hakuulizwa kitu. Mwezi haujaisha, funguo za gereji zikawa mfukoni mwa Baba Mdogo.

Kufika adhuhuri giaboksi ilikuwa imekaa mahali pake na pedali ya tatu imevikwa mpira mpya. Ilibaki kutoa hewa kwenye bomba la klachi. Hiyo ni kazi ya watu wawili: mmoja chini anafungua na kufunga skrubu, mmoja juu anakanyaga anapoambiwa. Kanyaga. Shikilia. Achia. Wakati wa uhai wake, kila marehemu alipokuwa juu, alikuwa akivua kiatu cha kushoto. Klachi husikilizwa kwa ngozi, alisema. Mguu huo haukuwa na kidole kidogo. Bati lilimkata ujanani. Wala hakujibu kwa mdomo. Aligonga mlango wa gari mara mbili, maana yake: niko tayari.

Baba Mdogo akajilaza, akajisukuma chini ya gari, lililoinuliwa tena juu ya stendi. "Kalete oili stoo, halafu ukae kwenye kiti. Na usisinzie huko juu, Profesa."

Binti akaenda. Betri ilikuwa mezani, haijafungwa. Ufunguo wa gari ulikuwa mfukoni mwa binti.

Chupa ya oili ilijificha nyuma ya makopo. Akiwa bado anaitafuta, akasikia: "Umeshakaa?"

Kabla hajajibu, mlango wa gari ukagongwa.

Ko. Ko.

"Kanyaga," Baba Mdogo akasema. Pedali ikalia. "Shikilia. Achia. Kanyaga tena. Aisee! Leo Profesa una mguu. Mzito kama wa..."



Binti akatokeza mlangoni mwa stoo, chupa mkononi. Mlango wa gari ulikuwa wazi, kiti kilikuwa kitupu. Pedali ilikuwa chini kabisa. Mpira wake ulikuwa umebonyea.

Alifungua mdomo apige kelele.

Akaufunga.

Kule chini, Baba Mdogo aligeuza kichwa. Akaziona raba mbili za binti mlangoni mwa stoo, hatua kumi kutoka kwenye gari. Redio ya jirani ikanyamaza.

"Profesa," akanong'ona. "Nani yuko juu?"

Ko. Ko.

Injini ikawaka. Bila betri. Bila ufunguo. Mkono wa gia ukatetemeka, ukasogea taratibu, ukaingia namba moja.

"Kaka," Baba Mdogo akasema. Neno hilo hakuwa amelitamka kwa miaka mitano. "Kaka, shikilia. Nilikosa, kaka. Usiachie." Kisha akalia: "Mwanangu! Mwambie ashikilie!"

Hakuwahi kumwita mwanangu.

Binti aliirudisha chupa kwenye rafu. Aliiweka vizuri, lebo ikitazama mbele.

Pedali ikaanza kupanda. Polepole. Kama mtu anayeshuka ngazi.

Fundi welda ndiye aliyefika kwanza. Alikuta gari limeruka kutoka kwenye stendi, injini baridi kama jiwe, betri mezani. Aliuliza nani alikuwa kwenye kiti. Kisha akainama kuchungulia ndani ya gari. Kwenye mpira mpya wa pedali ya tatu palikuwa na alama za vidole vya mguu wa kushoto, za grisi mbichi. Akavihesabu. Vinne. Akazifuta alama zile kwa kitambaa cha petroli. Akafuta tena. Hazikutoka.

Alasiri binti alinawa mikono, akaenda kwa miguu hadi nyumbani kwa Baba Mdogo, akabisha. Mkewe akafungua, mwiko mkononi, akaiona grisi kwenye gauni la binti.

"Kuna nini? Baba yako mdogo yuko wapi?"

Binti akasimama pale mlangoni, macho chini.

"Mama mdogo," akasema, "mguu uliteleza tu."