Tanuri Moja, Waokaji Wawili

Kwaruu. Kwaruu.

Kulikuwa bado giza. Mama alifumbua macho, akatega sikio. Sauti ilitoka chumba cha mbele, walikookea mikate ya kuuza. Ilikuwa kata ikikwaruza kitako cha pipa la unga. Mume wake alikuwa anakomba.

Uchumi ulikuwa umedorora mji mzima. Kiwanda cha nguo kilipunguza wafanyakazi. Waliozoea kununua mikate miwili sasa walinunua mmoja, au walipita wakitazama pembeni. Unga nao ulipanda bei. Tanuri liliwashwa kila alfajiri, lakini nusu yake ilikuwa tupu.

"Baba watoto, likizimika hili tanuri, tutashika nini?" mama aliuliza.

"Halizimiki. Nina ujanja wangu."

Ujanja wenyewe ulikuwa huu. Alitia unga kidogo na hamira nyingi, akaliacha donge liumuke mpaka lijaze bati. Mkate ulitoka mnene kama zamani. Ndani, upepo mtupu.

Wateja si watoto. Asubuhi hiyo mchukuzi wa sokoni aliubana mkate kwa vidole viwili, ukanywea.

"Shemeji, nimenunua mkate au pumzi za mumeo?"

Watu walicheka. Mama hakucheka. Aliwaona wawili waliokuwa nyuma wakigeuka na kwenda zao.

Akabaki jirani yao, afisa wa biashara. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kukagua mizani za madukani, ndiyo maana mtaa mzima walimwita Bi Mizani.

"Shikamoo, Bi Mizani."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mumeo anajificha nyuma ya pipa? Mwite. Sikuja kumpima."

Baba akatoka, unga hadi kwenye nyusi.

"Sikiliza, mwanangu," Bi Mizani alisema. "Wakati wa dhiki mteja hufikiri mara mbili kabla ya kutoa senti. Ukimpunja, harudi hata neema ikirudi. Kama unga hautoshi, oka mkate mdogo, sema ni mdogo, uza kwa bei ndogo."

"Na kuni je? Kuni ndizo zinazonimaliza."

"Kipara wa pale kona naye anawasha tanuri nusu tupu. Okeni pamoja."

"Kwa Kipara? Thubutu! Mwokaji hapeleki donge lake kwenye moto wa mwenzake. Atajua siri zangu."

"Siri gani?" mama aliropoka. "Upepo?"

Baba aliinamisha kichwa, akaitazama mikono yake.

Jioni alivaa shati safi, akaenda kwa Kipara. Alirudi polepole, kama mtu aliyetua mzigo.

"Amesema nini?" mama aliuliza.

"Amesema naye alitaka kuja, ila aliona haya."

Wakaanza. Wiki moja walioka kwa Kipara, wiki moja kwao. Kila mmoja aliweka alama yake juu ya donge. Baba aliacha ujanja wake, akaoka mkate mdogo wa bei ndogo. Kuni zilitumika nusu ya zamani, na mpwa wa baba aliyesaidia kukanda hakufukuzwa kazi.

Kisha Bi Mizani aliwaita wafanyabiashara wadogo kwenye ukumbi wa mtaa. Wakubwa wa ofisi yake walikuja kusikia wanataka msaada gani. Watu walitazamana. Mama akasimama.

"Hatuombi sadaka," alisema. "Tunaomba ada ya leseni tuilipe kidogo kidogo. Hospitali inachukua mikate yetu leo, inalipa tukiwa tumeshasahau. Ituhurumie, ilipe mapema. Na mikopo ikiwepo, tuelezwe riba kwa maneno tunayoyaelewa, tusije tukajitia kitanzi."

"Sema, mama, sema!" Kipara alipaza sauti kutoka nyuma.

Ada ikagawanywa. Hospitali ikaanza kulipa kila mwisho wa mwezi. Kuhusu mikopo waliambiwa wasubiri, na mpaka leo wanasubiri.

Hali ya mji haikutengemaa upesi. Lakini mkate mdogo ulikuwa mzito mkononi, na habari njema nazo zina miguu. Mchukuzi alirudi. Hakuubana. Aliuweka kwapani, akasema, "Haya, shemeji, leo mumeo amebaki na pumzi zake."

Mama alicheka mpaka akajifuta macho.

Asubuhi moja alikuwa amegeuka kufuta meza. Binti yake mdogo alisimama mlangoni, akatazama rafu, akatazama nje.

"Mama, mikate imekwisha na watu bado wamesimama."