Harusi Kwanza, Taya Baadaye

— Samahani, daktari. Mimi ndiye ninayeolewa Jumamosi.

Bwana harusi aliruka kwenye kiti kama aliyekalia kaa la moto. Kazi yake ni ushereheshaji, na watu humwita Spika, maana kwenye harusi za wenzake mdomo wake hauna breki. Sasa ulikuwa wazi na hautoi kitu. Shavu la kushoto lilijaa kama ameficha limau.

— Nani kakuleta?

— Dada yako. Yeye ana haya, wewe huna. Uliniambia ni jino.

— Lilianza kama jino…

— Nyamaza kwanza. Daktari, nieleze mimi.

Daktari, mama wa makamo, alimtazama mgonjwa. — Niseme?

Spika akaitikia kwa kichwa, shingo upande.

Picha ilipandishwa kwenye kioo chenye taa. Mfupa wa taya ulikuwa matundu matupu, kama povu la sabuni.

— Ni uvimbe. Si saratani.

— Si unasikia! — Spika akadakia. — Wala hauumi!

— Hauumi, lakini unakula mfupa. Kila chembe ya mwili ina jeni, yaani maagizo ya urithi. Mengine yamelala, mengine yako kazini. Katika kinyama tulichopima, maagizo ya kuotesha mishipa ya damu yanafanya kazi kupita kiasi. Uvimbe unajivutia bomba lake, unakunywa, unanenepa. Hilo peke yake haliniambii kesho itakuwaje, watafiti bado wanachunguza. Ila picha hii na ile ya kwanza hazifanani. Tukizidi kungoja, nitakata mfupa mwingi zaidi.

— Sasa anangoja nini?

Daktari akakunja miwani. — Muulize mwenyewe.

Wachumba walitoka hadi kwenye korido, penye benchi refu. Mzee mmoja aliyefungwa bandeji kichwa kizima alijifanya hasikii.

— Nilitaka nikuoe nikiwa na uso mzima, — Spika akaanza. — Picha za harusi ni za maisha, mpenzi wangu, na…

— Usinishereheshe. Sema kweli.

Akashika shavu. — Niliogopa. Ungeniona nimepinda ungeondoka. Nikasema, tukishafunga ndoa…

— Sitakuwa na pa kwenda.

— Sikusema hivyo!

— Ndivyo ulivyopanga. Umenitegea ndoa kama panya! Mimi nashona mapazia, bwana. Pazia la kufichia ukuta mbovu nalijua. Sikujua ndilo nitakaloolewa nalo.

Akavua pete, akamtilia kiganjani. Mzee wa bandeji akaguna, — Duh.

Jioni simu ya Spika ikalia. Ujumbe:

"Jumamosi haipo. Kakatwe."

Akajibu: "Na sisi?"

Ulisomwa. Haukujibiwa.

Siku ya upasuaji alisukumwa kwenye kitanda cha magurudumu, macho yakisaka mlangoni.

— Nesi, nje kuna nani?

— Dada yako.

— Na mwingine?

— Tulia, kaka. Vuta pumzi.

Alipozinduka, taya limefungwa, ulimi mzito kama gogo. Pembeni ya kitanda alikaa mshona mapazia, mkoba mapajani, kama abiria asiyejua atashukia wapi.

— Usinitazame hivyo. Sijakusamehe. Nimekuja kuona kama umeamka.

Akainama, akamkagua uso.

— Na umevimba kama mto ulioshindiliwa pamba na mlevi.

Spika akacheka kwa puani, maumivu yakamtoa machozi. Akaonyesha kwa mkono: simu. Aliandika polepole, akifuta, akiandika tena, kisha akampa.

"Daktari alinambia kabla ya kunilaza. Uvimbe unaweza kurudi, hata baada ya miaka. Nitapimwa maisha yangu yote. Meno ya upande huu huenda nisiyapate tena, na kusema vizuri sijui lini. Dada bado hajui. Nakwambia wewe kwanza, ukiwa hujafunga ndoa na mtu."

Alisoma. Akarudia kusoma. Mkoba ukashushwa sakafuni, kiti kikavutwa mpaka kikagusa kitanda.

— Ile posa ya mwaka jana, ya keki na maua, ilikuwa kelele tu, — akasema, akijifuta machozi kwa ukingo wa shuka lake. — Leo ndiyo umeniposa.