Ghala Lisilo na Popo

Kila asubuhi Nyanjige alichota maji, akafagia uwanja, kisha akatembea kwa mikono kutoka mlangoni hadi kwenye zizi la ng'ombe, miguu juu. Ng'ombe walikuwa wameshamzoea. Aliyekuwa hajamzoea ni bibi yake, ambaye alitikisa kichwa kila siku na kusema, "Huyu mtoto ana mtu ndani yake."

Nyanjige alisoma darasa la sita katika kijiji kimoja nyuma ya Nkoma, nchi ya pamba. Mwalimu wao wa michezo, Mwalimu Veronica, aliwahi kuwa mwanajimnastiki wa timu ya taifa. Aliruka mbele ya majaji wa nchi za mbali, akashuka kwa samasoti kutoka kwenye boriti isiyozidi upana wa kiganja, mpaka goti lilipomkatalia akarudi nyumbani kufundisha. Sasa alichechemea, lakini mikono yake ilikuwa bado imara. Mtoto yeyote alipopiga samasoti ya nyuma, mkono wa mwalimu ulikuwa karibu na mgongo wake. Sheria yake ilikuwa moja tu: hakuna kuruka bila yeye kuwepo.

Nyanjige aliivunja. Mwalimu alitaka kuchagua msichana mmoja wa kwenda Mwanza kwenye mashindano ya kanda, na Nyanjige aliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote duniani.

Miaka ile wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kuja na malori yao kununua pamba kwa wakulima, na ghala la zamani la ushirika nje ya kijiji lilikuwa limebaki tupu. Ubao mmoja wa mlango ulikuwa umeng'oka. Ndani kulikuwa na rundo la magunia makuukuu, laini, yanayofaa kuangukia, na pembeni madebe yaliyotobolewa na kutu.

Jambo la ajabu lilikuwa kimya cha mle ndani. Nyumba iliyoachwa huwa haikosi wapangaji: popo darini, panya ukutani, buibui kila pembe. Humu hamkuwa na hata mmoja. Nzi walioingia walikuwa wamelala sakafuni miguu juu. Tena palinuka kitunguu saumu, na hakuna aliyekuwa akipika. Nyanjige alisisimkwa na mwili, lakini alipanda juu ya magunia akaruka.

Siku moja alipotoka, jua la saa nane mchana lilikuwa limefifia. Angani hapakuwa na wingu, ila miti, njia na mashamba vilionekana kama vimefunikwa kitambaa cha kijivu. Jasho lilimtiririka. Kisha nyama ya paja lake ikaanza kucheza yenyewe chini ya ngozi, kama mtu anayepapasa mlango akitafuta pa kutokea. Aliikandamiza kwa mikono yote miwili, lakini haikutulia.

Alimwambia bibi yake tu. Bibi hakushangaa hata kidogo.

"Huyo ni shangazi yangu Mhoja," alinong'ona. "Alikuwa mcheza ngoma. Akipinduka, watu walisahau hata kula. Masamva, wazee wetu waliotangulia, wamekuchagua, mjukuu wangu. Usimwambie mtu." Akamfunga shanga nyeupe mkononi.

Nyanjige aliogopa, lakini tuseme ukweli, alijiona pia mtu mkubwa. Siku iliyofuata, kabla ya kuruka, aliliamkia giza la ghala kama anavyoamkiwa mama mzee: "Mwadila, mayu." Akatulia kusikiliza kama ataitikiwa.

Shuleni, Mwalimu Veronica alimshika kiganja. "Mbona mikono inakutetemeka? Mazoezi unafanyia wapi?"

"Kwenye mchanga wa mto, mwalimu."

Mwalimu alimpangusa vumbi kwenye nywele. Ijumaa akalitaja jina lake: Nyanjige ndiye angekwenda Mwanza Jumatatu.

Jumamosi mchana alirudi ghalani. Aliruka, akatua, na alipogeuka alimwona msichana amesimama juu ya magunia nyuma yake, kimya, hatikisiki. Alirudi nyuma. Mhoja! Kisha msichana akacheka. Alikuwa Kwandu, mdogo wake wa miaka sita, aliyemfuata kwa kunyata.

"Na mimi nifundishe!" Kwandu alisema, akajitupa katikati ya magunia, akajifunika na kugaagaa mpaka kikabaki kicheko tu. Nyanjige alicheka naye, akaendelea na mazoezi yake. Baadaye aligundua kwamba kicheko kimekatika.

Alifukua magunia. Kwandu alikuwa akitokwa na mate mengi, mwili unamtetemeka, mboni za macho zimekuwa ndogo kama punje za ulezi.

"Dada," aliuliza, "mbona usiku umeingia?"

Nyanjige alimbeba mgongoni akakimbia. Nyumbani Bibi alipiga ukelele. "Masamva wamehamia kwa mdogo! Leteni mbuzi mweupe!"

"Mbuzi atasubiri, mayu," mama yao alisema. Akamchukua mtoto na kwenda mbio hadi zahanati, Nyanjige nyuma yake.

Daktari Athanasi alimfunua Kwandu macho, akasikiliza kifua kilichokuwa kikikoroma. Mwalimu Veronica, aliyeishi jirani na zahanati, alikuwa amekwishafika mlangoni.

"Amekula nini? Amecheza wapi?" daktari aliuliza. "Semeni upesi. Nisipojua, naweza kumpa dawa isiyo yake."

Mama hakujua. Nyanjige alimtazama mwalimu. Akisema, Mwanza imekwenda. Kwandu alivuta pumzi, ikakwama, ikachelewa kurudi.

"Ghalani!" Nyanjige alilia. "Kwenye magunia, penye madebe. Panaponuka kitunguu saumu. Nilidanganya, mwalimu, sijawahi kufanyia mtoni!"

Daktari hakungoja zaidi. "Sumu ya wadudu wa pamba. Imevujia kwenye magunia, inapita kwenye ngozi. Mvueni nguo, mumwogeshe kwa sabuni. Na huyu mkubwa pia!" Alimchoma Kwandu sindano, akangoja, akamchoma nyingine. Mboni zikaanza kufunguka, na kifua kikatulia.

"Dada," Kwandu alisema jua likielekea kutua, "kumekucha?"

Nyanjige alilia kwa sauti, hakuona aibu.

Wiki ile serikali ya kijiji ililifunga ghala na kuita watu wa wilaya waje kuiondoa sumu. Bibi alizifungua shanga mwenyewe. "Shangazi yangu hakunuka kitunguu saumu," alisema, akamaliza. Mwanza alikwenda msichana mwingine, Goodness, na Nyanjige alimsindikiza hadi kwenye gari.

Alipopona kabisa, alikuta mwalimu amejaza shimo kwenye uwanja wa shule kwa makapi safi ya mpunga.

"Nilikuona una vumbi la magunia kwenye nywele," Mwalimu Veronica alisema, "na sikukuuliza mara ya pili. Hilo ni kosa langu. La kwako ni kuficha. Nimeruka katika nchi nyingi, Nyanjige, na sikuruka hata siku moja bila mtu wa kunidaka. Lakini anayekudaka hawezi kukudaka kama hajui uliko. Ukiumwa, sema. Ukiogopa, sema. Ukikosea, sema haraka zaidi." Akachechemea hadi ukingoni mwa shimo, akanyoosha mkono. "Haya. Uko wapi?"

"Niko hapa, mwalimu," Nyanjige alisema, akaruka.